Baiskeli Isiyokuwa ya Ukoo

Juzi mwanangu alinijia na simu mkononi, macho yanamng'aa, akanionyesha picha ya baiskeli anayoitamani. Akanieleza kwa kirefu: fremu ya chuma kitupu, tairi nene za kupita kwenye changarawe na tope, gia nyepesi za kupandia milima, na sehemu za kufungia mizigo kila upande. "Hizi ndizo za kisasa, mama," akasema. "Zinakwenda popote." Nikaitazama ile picha, nikacheka mpaka akanuna. Za kisasa! Nikamwambia kwamba baiskeli ya namna hiyo niliiona ikiundwa kipande kwa kipande uani kwetu, Iyula kule Mbozi, na aliyeiunda alikuwa mwanamke aliyejifunga kitenge, ambaye hadi siku ile hakuwa amewahi kukanyaga pedeli. Hakuniamini. Basi acha nikusimulie wewe, maana najua hutanikatiza.

Kama hujawahi kuamka Mbozi mwezi wa saba, sijui nikuelezeje ile baridi. Ukungu ulilala juu ya mikahawa mpaka jua lipande, nasi watoto tulitoka nje tumejifunika vitenge vya mama, tukipuliza pumzi ili tuone moshi ukitutoka mdomoni. Ndio ulikuwa msimu wenyewe wa kahawa. Alfajiri ulisikia mashine za kumenyea zikizungushwa kwa mkono nyumba hii na ile, maganda mekundu yakimwagika upande mmoja, punje zenye utelezi upande wa pili. Harufu ya kahawa iliyolowekwa, ikianza kuchacha, iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye makande. Mpaka leo nikipita mahali nikaisikia harufu inayofanana nayo, miguu yangu inataka kuvua viatu.

Tuliishi watano: baba, mama, bibi mzaa baba, mdogo wangu wa kike na mimi. Bibi alikuwa na mafiga yake nyuma ya nyumba, na kazi yake ya asubuhi ilikuwa kutuchomea viazi kwenye majivu huku akilalamika. Alilalamikia kuni, akalalamikia kuku, akalalamikia goti lake la kushoto. Ukimkuta kimya ulijua anaumwa.

Na baba alikuwa na baiskeli. Miaka ile, kule kwetu, baiskeli ilikuwa ndiyo lori na ndiyo gari la wagonjwa. Ya baba ilikuwa nyeusi, ndefu, nzito, na breki zake za vyuma zilipiga kelele mteremkoni kama nguruwe anayekamatwa. Juu ya keria yake kahawa ilikwenda kituo cha chama cha ushirika, mahindi yakaenda mashineni, bibi akaenda zahanati akilalamika njia nzima. Mama hakuwahi kuiendesha. Hakuna mwanamke aliyeendesha. Hukuona sheria imeandikwa mahali, lakini ukiuliza uliambiwa kwamba mwanamke akipanda baiskeli tumbo linaharibika, hatazaa tena, au atazaa watoto wa matege. Bibi ndiye alikuwa mtangazaji mkuu wa habari hizo.

Baba alitutoka ghafla. Aliumwa kifua wakati wa mvua, tukadhani ni baridi, na kabla mahindi hayajakomaa tukamzika pembeni mwa mikahawa yake.

Siku ya kuanua matanga wanaume wa ukoo walikaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Msemaji alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba. Alikuwa mtu wa sauti nene na shati lililopigwa pasi hata siku ya kazi, mwenye mke wake na watoto wakubwa. Akagawa koti, akagawa redio, akagawa majembe. Alipofika kwenye baiskeli aliweka mkono juu ya kiti chake, akasema, "Hii ni ya ukoo. Itakaa kwangu. Shemeji akiihitaji, nyumba yangu anaijua."

Mimi niliona amesema jambo la kawaida. Lakini wanawake pale mkekani waliinamisha vichwa wote kwa pamoja, na shangazi yangu akamfinya mama paja. Baadaye ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa mjane bado kijana, watoto wake wa kike watupu, nyumba haina mwanamume. Ilitazamiwa baba mkubwa amrithi, kama alivyokwisha kuirithi baiskeli. Hakutaka kumvuta kwa nguvu, watu wangesema. Alitaka aje mwenyewe kwa miguu yake, kuomba baiskeli.

Mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Hakuinua macho. "Nimesikia, shemeji," alisema, akaendelea kuchambua.

Msimu uliofuata tulibeba kahawa kichwani. Mama alibeba gunia, mimi debe, mdogo wangu kidebe cha rangi kilichokatwa juu. Njia ya kwenda kituoni ilipita mbele ya nyumba ya baba mkubwa, na baiskeli ya baba ilikuwa imeegemezwa pale barazani, imepakwa mafuta, inang'aa. Akituona tunakuja, shingo zimezama mabegani, alinyanyuka kitini akapiga kengele. Mara moja tu. Kisha akasalimia kwa upole, "Habari za kazi, shemeji? Mzigo mzito?"

"Wa kawaida tu, shemeji," mama alijibu bila kusimama.

Mdogo wangu aliiogopa ile kengele kuliko mbwa. Siku moja alishtuka akaangusha kidebe chake, kahawa kavu ikamwagika yote kwenye vumbi. Tukapiga magoti kuiokota, punje moja moja, baba mkubwa akitutazama toka barazani. Hakuja kusaidia wala hakucheka. Mama aliokota mpaka ya mwisho. Tulipokwisha kupita kona alitua gunia lake, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Nilidhani analia. Hakuwa analia. Ilikuwa hasira, lakini hasira tulivu ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine, kama maji yaliyokaribia kuchemka.

"Nitatengeneza ya kwangu," alisema. "Na kengele siweki."

Alianza kwa fundi baiskeli wa pale kijijini. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akajikuna kichwa kwa spana. "Mama, mimi nakula kwa hawa wanaume," akasema. "Nikikutengenezea wewe, nani ataniletea pancha?" Mama akamshukuru kwa kutomzungusha. Jumamosi ilipofika alinichukua mimi pamoja na gunia la maharage, tukateremka hadi barabara kuu, tukadandia lori la kwenda Tunduma, mpakani.

Tunduma ya wakati ule! Malori yamepangana kusubiri kuvuka, madereva wamelala chini ya matela, vumbi limekaa hewani halishuki. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu vilivyokuwa vimepotea madukani, sabuni, sukari, vitambaa, vilikuwa vinarudi kupitia mlango ule wa mpakani, vichwani mwa wanawake. Kila mtu alizungumza lugha tatu katika sentensi moja. Mama alikwisha kuzoea kuuza maharage kule, basi alijua wapi pa kwenda: nyuma ya gereji, kwenye kiwanja kilichojaa vyuma chakavu, kwa fundi wa kuchomelea, Mnamwanga wa ng'ambo ya mpaka, mtu mfupi mwenye kifua kama pipa.

"Mulishani, bamayo?" akamwamkia mama kwa Kibemba cha sokoni.

"Bwino," mama akajibu. Kisha akageukia Kiswahili, akasema maneno ambayo nadhani alikuwa ameyapanga njia nzima. "Nataka baiskeli ya kubeba gunia, ipande milima ya kwetu, isizame kwenye tope, na mtu aliyevaa kitenge aweze kuipanda bila kuvuliwa heshima."

Fundi akacheka. "Hiyo haiuzwi popote, bamayo."

"Najua. Ingekuwa inauzwa ningekwenda dukani."

Nadhani jibu hilo lilimpendeza, maana aliacha kazi aliyokuwa nayo, akaanza kufukua lile rundo la vyuma. Akatoa fremu moja ya baiskeli ya mizigo iliyokanyagwa na lori. Upande wa mbele ulikuwa umepinda kama mkono uliovunjika. Akaigonga kwa nyundo, ikalia ngeee, mlio mrefu. Akaigonga nyingine, ikatoa mlio mfupi wa debe. "Umesikia?" akamwambia mama. "Hii ya pili imeliwa na kutu ndani. Hii ya kwanza imeumia tu."

Mama akainama, akaigonga mwenyewe. "Hii," akasema.

Chuma cha juu, kile ambacho mwanamume hurusha mguu kukivuka, fundi alikikata. Akakirudisha chini, kimelala mshazari, akaongeza kingine kando yake ili fremu isilegee. Alinipa kipande cha kioo cheusi nitazamie ule moto wa bluu, na harufu ya chuma kinachoungua ikakaa puani mwangu siku nzima. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, alitafuta mpana, ili tairi nene lipite na tope lisibanie. Malipo yalikuwa maharage, leo gunia, safari nyingine gunia. Natotela, bamayo, asante mama, alisema kila alipopokea, na mama naye akasema natotela, na hapo Kibemba chao kikawa kimeisha.

Kuifikisha fremu nyumbani ndiyo ilikuwa kazi. Toka barabara kuu mama aliibeba kichwani, mchana kweupe, akakatiza kijiji kizima. Watu walitoka nje. Jirani mmoja akapaza sauti, "Mama, umebeba nini, mifupa ya ng'ombe?"

"Punda wangu huyu," mama akajibu. "Bado hajanona."

Bibi alipoiona alishika kiuno. "Mifupa ndani ya nyumba yangu," akasema. "Mwanangu amekufa juzi, wewe unaniletea mifupa." Mama akaiegemeza ukutani karibu na mtungi, akaosha mikono, akasonga ugali.

Mwaka ule wote punda alikuwa ananona. Kila safari ya Tunduma ilileta kiungo kimoja: rimu, mnyororo, usukani mrefu uliorudi nyuma ili mgongo usiinamishwe. Mbele mama alitaka gia ndogo, nyuma kubwa. Wanaume waliopita walimwambia haitakimbia. "Sikimbii popote," aliwajibu, "napanda mlima." Breki za kubana rimu alizikataa, kwa kuwa alikumbuka jinsi za baba zilivyoteleza wakati wa mvua. Akatafuta ile ya kukanyaga kinyumenyume, ambayo breki yake imejificha ndani ya kitovu cha gurudumu, tope haliioni. Keria ilikuwa ya nondo, imeungwa kwenye fremu yenyewe, na huku na huku ina kulabu za kuning'iniza magunia chini, ili mzigo usiyumbishe. Kiti kilishonwa kwa ngozi tuliyoinunua kwa wafugaji waliokuwa wakipanda kutoka bondeni Momba. Mama alikishona mwenyewe kwa sindano ya magunia, akakijaza katani. Na rangi ilikuwa ya kijani, iliyobaki walipopaka milango ya shule.

Lakini ninachokikumbuka kuliko vyote ni magurudumu. Fundi wa Tunduma alimwonyesha mama mara moja jinsi ya kupanga spoku, zile njiti za gurudumu, kisha akamwambia kunyoosha rimu ni kazi ya subira, akaifanyie nyumbani. Basi jioni, baada ya kugeuza kahawa kwenye chanja za kuanikia, mama alipindua baiskeli miguu juu. Mimi nilishika kijiti cha mkahawa karibu na rimu, mdogo wangu alizungusha. Mahali rimu ilipogusa kijiti, kwaru, mama aliweka alama ya mkaa, akalegeza spoku ya upande ule, akakaza ya upande wa pili. Tena. Tena. Alizigusa spoku kwa kucha, moja moja, nazo zikalia kama nyuzi za zeze, na iliyolia tofauti na wenzake ndiyo iliyokuwa na makosa. Sufuria ya mahindi ya kuchemsha ilikuwa pembeni. Bibi alikaa mbali ametupa mgongo, lakini siku ambayo gurudumu lilizunguka mzunguko mzima bila kugusa kijiti, sauti yake ndiyo tuliyoisikia kwanza: "Haya, limenyamaza. Sasa mle."

Kujifunza kuendesha mama hakujifunzia kichakani. Alichagua uwanja wa shule, Jumapili, watu wakitoka kanisani. Nilimwomba asubiri watu wapungue. "Wakishapungua watahadithiana wasichokiona," akasema. "Waone." Akaanguka. Akainuka, akakunja kitenge, akapanda, akaanguka tena mbele ya kwaya nzima. Watoto walimtungia wimbo papo hapo. Vijana walishika mbavu. Bibi alijifunika uso kwa kanga na kuondoka kama mtu aliyeona msiba. Mama, goti linavuja damu, akawageukia wote akasema, "Chekeni sasa hivi, chekeni sana. Nikishajua mtakosa cha kuchekea."

Na kweli. Mahindi yalipobeba, mama alipita mbele ya nyumba ya baba mkubwa na magunia mawili yananing'inia kwenye kulabu, mgongo umenyooka, anakanyaga polepole kama mtu anayetwanga. Alisalimia kwa heshima zote. Baba mkubwa alisimama barazani na mkono kwenye ile kengele, lakini hakuipiga.

Wiki iliyofuata aliitisha kikao.

Walikuja uani kwetu Jumapili mchana, wazee wa ukoo kwenye viti, sisi tukitandika mikeka na kuchemsha chai. Baba mkubwa aliongea muda mrefu. Alizungumzia heshima ya marehemu, alizungumzia mwanamke anayetanua miguu juu ya chuma mbele ya watu, akasema wapita njia wanauliza kama ukoo huu hauna wanaume. Halafu akafika alikokuwa anakwenda. "Baiskeli hii imetokana na kahawa ya ndugu yangu," akasema. "Kwa hiyo nayo ni ya ukoo. Ikae kwangu pamoja na mwenzake."

Mzee mmoja akamwambia mama aseme alicho nacho.

Mama aliiendea baiskeli, akaivuta katikati ya uwanja, akashika fremu. "Hiki chuma kilikanyagwa na lori Tunduma. Nilikilipia kwa maharage niliyolima mimi kwenye shamba la kukodi, si hapa. Hii keria ni maharage. Hizi rimu ni maharage. Watoto hawa wawili ni mashahidi, walipalilia na mimi. Ya marehemu iko barazani kwa shemeji, na sijaiomba." Nikadhani amemaliza. Kumbe alikuwa anavuta pumzi. "Sasa na mimi niulize, mbele ya wazee. Shemeji, unataka baiskeli, au unanitaka mimi?"

Hata kuku walisimama. Jambo ambalo kila mtu alilijua tangu siku ya matanga, na hakuna aliyelitamka, lilikuwa limewekwa pale chini mchana, kila mmoja analiona.

Baba mkubwa alinyoosha kola ya shati lake. "Mimi nazungumzia mali ya ukoo," akasema.

"Kama ni baiskeli, si yako. Kama ni mimi, hapana. Nilisema nimesikia, sikusema nimekubali."

Hapo uso wa baba mkubwa ulibadilika, na ile sauti yake ya upole ikaondoka. "Basi ondoka," akasema. "Chukua chuma chako uende kwenu. Mikahawa hii ni yetu. Nyumba hii ni yetu. Mjane anayekataa ukoo hana shamba kwenye ukoo."

Nilimtazama mama, naye akaitazama mikahawa. Mdogo wangu akaanza kulia kimyakimya, na wazee wakatazama vikombe vyao vya chai. Kuna mmoja alikwisha kuanza kutikisa kichwa kukubaliana.

Ndipo bibi aliponyanyuka kutoka kwenye mafiga yake. Alinyanyuka kwa shida, akalaani goti, akaja akiburuta kanga mpaka katikati ya watu. Sikujua atasema nini. Alikuwa mama yake baba mkubwa, na miezi yote ile alikuwa ameilaani ile baiskeli asubuhi na jioni.

"Mikahawa ya nani?" akamwuliza mwanawe.

"Mama, hili ni jambo la wanaume."

"Nimekuuliza mikahawa ya nani. Mashimo haya nilichimba mimi na baba yako, wewe ukiwa mgongoni kwangu unanijojolea. Nimekufa? Unanigawa na mimi nikiwa bado natafuna?" Akawageukia wazee, kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja akatazama pembeni. "Huyu mkwe ndiye ananipikia. Akiondoka yeye, naondoka naye, na mtakwenda kuwaeleza watu kanisani kwa nini mama yenu analala barabarani."

Akaiendea baiskeli. Aliizunguka, akaigonga keria kwa kifundo cha kidole kama anayekagua chungu sokoni. "Imekaa kama mbuzi aliyekonda," akasema. "Lakini kesho nakwenda zahanati, na wewe mwanangu tangu umeichukua ile ya marehemu hujanipeleka hata siku moja." Akamwambia mama, "Nisaidie nipande nione kama itanibeba."

Mama na shangazi wakamnyanyua, wakamkalisha juu ya nondo. Mama akapanda mbele. Nikawaona wakitoka uwanjani, wakipita katikati ya viti vya wazee, bibi amemshika mama kiuno kwa mikono miwili na kulalamika kwamba keria inamkata. Walifika hadi kwenye mtaro wa maji, wakazunguka, wakaenda tena. Hakuna aliyefunga kile kikao rasmi. Wazee walimaliza chai, mmoja mmoja wakaaga.

Sitakwambia kwamba walipatana. Baba mkubwa alifunga kwa miiba njia inayopita kwake, nasi tukawa tunazunguka kwa kisimani, mbali zaidi. Shangazi yangu tu ndiye aliyeendelea kuja. Sikukuu tulikula wenyewe, na kulikuwa na harusi za ukoo ambazo tulizisikia ngoma zake toka mbali. Mama aliumia, nisikufiche. Nilimwona akisimama mlangoni kusikiliza. Lakini asubuhi alipuliza tairi, akafunga magunia, akaondoka.

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja na magari yao hadi barabara kuu, mama alikuwa wa kwanza kuwafikia, kwa sababu tope halikumzuia. Wajane wengine walimpa kahawa zao awapelekee. Mmoja akaomba kufundishwa kuendesha, kisha wa pili. Mimi nilipochaguliwa kwenda sekondari, sanduku langu la bati lilifungwa juu ya zile nondo, mama akalisukuma milima yote nami nikishikilia nyuma, na alipofika kwenye mteremko akaniambia nipande, tukashuka tukipiga kelele kama vichaa. Bibi alikufa akiwa mzee sana, katika nyumba yake, katikati ya mikahawa yake. Baba mkubwa naye alipofariki mama alikwenda msibani, akapika na wanawake wengine siku zote za matanga, akarudi.

Leo ukienda Iyula utayatafuta sana haya niliyokusimulia. Barabara imepigwa greda, bodaboda zinapita mpaka ndani ya mashamba. Watu wengi wameng'oa mikahawa wakapanda maparachichi, na mwezi wa saba unaamka husikii mashine ya kumenyea hata moja. Hakuna anayenyoosha rimu kwa kijiti, gurudumu likipinda wananunua jingine. Baiskeli ya mama yenyewe ilikwenda na magari ya vyuma chakavu, yale yaliyokuwa yakipita vijijini kukusanya. Nilipopata habari nililia kwenye simu. Mama alishangaa. "Fremu ilikuwa imeanza kutoa mlio wa debe," akasema. "Ulitaka niiabudu?"

Lakini mama mwenyewe yupo, na goti la kushoto limeanza kumsumbua. Nilipokwenda mara ya mwisho alikuwa anataka kwenda mjini Vwawa, tukaita bodaboda. Kijana akasimamisha pikipiki kwa adabu, akamwambia, "Bibi, kaa upande, ndivyo wanavyokaa akina mama." Mama akanikabidhi mkoba wake, akashika bega la kijana, akavuta kitenge, akaurusha mguu upande wa pili.

"Twende," akamwambia. "Na usiniendee polepole."

Wakaondoka. Vumbi lilipotulia, nilikuwa bado nimesimama njiani na mkoba wake mkononi.